Shemeji wa Spika ya Kushoto

"Fundi, nipandishie Shemeji kidogo! Ubeti wa pili huwa unanikimbia."

Hayo yalikuwa maneno ya kawaida ukumbini kila Jumapili mchana, na mgeni aliyeyasikia kwa mara ya kwanza angeweza kudhani kuna mwanamke amefichwa nyuma ya mapazia. Hakuwapo. Aliyekuwapo ni Fundi, amekalia kiti chake kirefu kisicho na mgongo, mbele yake laptopu na mixa ya kuchanganyia sauti, na kitufe kimoja cha mixa hiyo kilikuwa kimezungushiwa utepe mwekundu. Ukikizungusha kulia, sauti ya mwanamke inapanda katika spika ya kushoto na kukushika mkono mpaka mwisho wa wimbo. Ukikirudisha, sauti inashuka hadi inapotea, unabaki wewe na muziki, ufe au upone.

Sauti ile ilikuwa ya mkewe, na mkewe alikuwa nyumbani, nchi nyingine kabisa. Jina la Shemeji alipachikwa na Dereva, bonge la mtu aliyeendesha lori la mizigo wiki nzima na Jumapili akaja kuua nyimbo. Alipoambiwa kwamba anayemwongoza ni mke wa Fundi, alisimamisha wimbo katikati, akaiinamia spika ya kushoto, akasema kwa adabu zake zote, "Habari za huko, shemeji? Nisamehe kwa haya unayoyasikia." Watu walivunjika mbavu, na jina likaganda hapo hapo.

Kazi ya Fundi ilikuwa kujua nani anahitaji Shemeji kiasi gani. Dereva alihitaji Shemeji mzima, tena kwa karibu. Wasichana wa ghala la nguo walimtaka kwenye kiitikio tu. Muuguzi, mama mmoja mrefu asiye na maneno mengi, hakumhitaji hata kidogo, kwa kuwa alikuwa na sauti ya kumnyamazisha mtoto mgonjwa. Hata hivyo aliomba apewe Shemeji wa mbali, wa chinichini, kama mtu anayeimba jikoni.

"Sipendi kuimba kwenye nyumba tupu," alimwambia Fundi siku moja, na Fundi akamwekea Shemeji wa chinichini. Alimwelewa mno.

Kazi yenyewe aliipata kwa sababu ya sauti hiyo. Wakala alipokuja nyumbani kutafuta madidjei wa kupeleka nje, alikuta foleni ya vijana wenye miwani ya jua na majina marefu kuliko nyimbo zao. Lakini bosi aliyemtuma hakutaka mtu wa kurusha watu kwa dansi. Hao alikuwa nao wa kumwaga. Alikuwa na ukumbi wa karaoke katika mji uliojaa wageni waliokuja kutafuta riziki, na wageni wale walikuwa wakimlilia nyimbo za kwao. Mashine yake ya dukani haikuwa na hata moja.

Fundi alikuwa nazo. Miaka yote ya kupiga muziki kwenye harusi, yeye na mkewe walikuwa wakitengeneza karaoke zao wenyewe, kwa ajili ya ndugu wa bwana harusi wanaotaka kuimba na hawana ubavu wa kuimba peke yao. Fundi aliupiga muziki upya kwa kinanda na kupanga maneno yatokee kwenye skrini kwa wakati wake. Mkewe aliimba sauti ya kuongozea. Wakala alisikiliza nyimbo tatu, akavua hedfoni.

"Huyu anayeimba ni nani?"

"Mke wangu."

"Mke wako ana sauti," wakala akasema, kisha bila kupepesa macho akaongeza, "Lakini nafasi ni moja."

Waliliongea jambo hilo wakiwa wamekaa kitandani, katikati ya makoti. Inabidi niyaeleze makoti haya. Yalikuwa makoti ya Fundi ya kuvaa harusini, maana didjei wa harusi asiyemeta anadhaniwa ni fundi umeme: moja la dhahabu, moja la zambarau, jeupe lenye kola ya kung'aa, na mengine ya rangi ambazo hata mama yake alikataa kuzitaja. Siku za kurekodi waliyatundika kwenye kamba kuzunguka kona ya chumba, mkewe akaingia katikati na maiki yake. Chumba kitupu hurudisha sauti, nguo huimeza. Humo ndani ya makoti sauti yake ilitoka kavu na ya karibu, hata ukiisikiliza ukahisi pumzi yake shingoni.

Wakakubaliana: mkataba mmoja tu, halafu Fundi anarudi, wanafungua ukumbi wao. Mkewe angeendelea kurekodi na kutuma. Fundi alipotaka kukunja makoti mawili matatu ya safari, mkewe alimshika mkono.

"Yaache, wewe mtu. Ndiyo studio yangu hiyo."

Basi akaondoka bila koti. Ukumbini walimpa fulana nyeusi yenye jina la ukumbi mgongoni, na ikawa ndiyo ngozi yake.

Alimtamani mkewe. Acha niliseme mimi, kwa kuwa yeye hakuwa analisema. Kwenye simu walikuwa watu wawili wenye heshima zao: maji yanatoka? Yanatoka. Bati limezibwa? Limezibwa. Mama hajambo? Hajambo, anakusalimu. Haya, salama. Mtu angedhani ni mwenye nyumba na mpangaji. Lakini Jumapili, mtu wa kwanza akishika maiki, Fundi aligusa kile kitufe cha utepe mwekundu na mkewe akaingia ukumbini mzima mzima, na kile kicheko kidogo anachokibana kabla ya kiitikio, na namna anavyovuta hewa kwa pua. Moyo ulimwenda mbio kila mara, mtu mzima yule. Mchana kutwa aliwasikiliza watu wengine wakiimba juu ya sauti ya mkewe, akaona wivu, na akashukuru, vyote kwa pamoja.

Mwishowe mkono ukaanza kumponyoka. Alimpandisha Shemeji hata pale ambapo hakuna aliyemwomba.

"Fundi!" Dereva alilalamika kwenye maiki, ukumbi mzima ukisikia. "Huyu shemeji leo ananiongoza au ananifukuza? Nikikimbia yuko nyuma, nikisimama yuko mbele!"

Watu wakacheka na Fundi akacheka nao. Muuguzi peke yake hakucheka. Alipopita kurudisha maiki aliuliza kwa sauti ya chini, "Unampandisha kwa ajili yetu au kwa ajili yako?"

Fundi alijifanya anatafuta waya.

Yeye mwenyewe hakuimba. Mwendesha karaoke huwa anafungua yeye ili kuwatoa watu aibu, lakini sauti ya Fundi ilikuwa kama mlango unaodai mafuta, na siku ya kwanza Bosi alipoisikia alimwomba kwa upole asirudie. Hata nyumbani mkewe alikuwa akimbembeleza aimbe naye wimbo mmoja tu, wa kucheka wenyewe, na yeye alikataa kata kata. "Mimi ni mtu wa vitufe," alisema. Alilisema kama sifa.

Mkataba ulipokaribia kwisha, Bosi alimwita ofisini, kijichumba nyuma ya baa chenye kreti za soda hadi dirishani. Akamsogezea mkataba mpya. Alikuwa anafungua ukumbi wa pili upande mwingine wa mji, alisema, na anamtaka Fundi awe msimamizi wa kumbi zote mbili. Mkataba huu ulikuwa mrefu kuliko ule wa kwanza, na haukuwa na nafasi ya mke.

"Jumapili tukifunga nataka jibu," Bosi akasema.

Tusimsingizie mtu: Fundi aliupenda. Alijiona anapita kati ya kumbi mbili na funguo zinalia kiunoni. Alijiambia ni mara hii moja tu, kwamba ukumbi wao wa nyumbani utakuwa mkubwa zaidi akichelewa kidogo, na mengine yote ambayo mtu hujiambia akishaamua. Hakumwambia mkewe. Alipanga kumwambia akishatia sahihi, maana jambo likishakuwa halina ubishi tena.

Wiki hiyo hiyo mkewe akatuma wimbo mpya. Ulikuwa wimbo wa zamani wa kuagana, wa taratibu, ambao Muuguzi alikuwa ameuomba tangu mvua zilizopita. Fundi alivaa hedfoni, akakaa sawa kwenye kitanda chake chembamba, akafumba macho kumngoja mkewe aje shingoni.

Hakuja. Sauti ilikuwa yake lakini ilikuwa mbali. Kila neno lilikuwa na mkia mdogo nyuma yake. Ulikuwa mwangwi.

Alirudia. Akatoa muziki, akaacha sauti peke yake, akabana hedfoni kwa mikono miwili. Hakuwa na shaka. Masikio yake yalikuwa ndiyo kazi yake, na masikio yalimwambia kwamba hiki si chumba chao. Ni chumba kikubwa zaidi, au chenye ukuta mtupu, na mkewe amesimama humo anaimba. Cha nani? Mtu aliye mbali hana haja ya kuambiwa maneno na majirani, kichwa chake chamtosha.

Hata hivyo mikono iliendelea na kazi kwa mazoea. Alipunguza mwangwi kadiri ulivyokubali. Katika ubeti wa pili alikuta dosari nyingine: mkewe alikuwa ameteleza, sauti imekwama katikati ya neno, pakawa na kimya kifupi na kitu kama kumeza mate, kisha akaendelea. Fundi akakata pale. Mistari ile ilikuwa na tuni moja na ya ubeti wa kwanza, basi akachukua vipande kutoka kule, akavishona hapa silabi kwa silabi, akalainisha maungio. Ilikuwa kazi safi, hata yeye akiisikiliza hakuuona mshono. Kwa dakika chache alisahau hata wivu, akajisifu.

Asubuhi akapiga simu.

"Ule wimbo umerekodia wapi?"

"Chumbani," mkewe akasema. "Habari za asubuhi na wewe."

"Chumbani kwa nani?"

"Una nini leo?"

"Usinizungushe. Chumba chetu nakijua kuliko ninavyojijua. Hicho kina mwangwi. Uko wapi na uko na nani?"

Alisikia mkewe anacheka, kicheko cha kweli, halafu kicheko kikakatika. Kwa mbali cherehani ya jirani ilikuwa inakwenda. Ile ile ya siku zote, upande ule ule wa ukuta.

"Ni chumba chetu," mkewe akasema. "Makoti ndiyo hayapo."

"Yako wapi?"

"Nimempa mdogo wako. Anayavaa kazini kwake, anapendeza."

"Makoti yangu! Kwa nini?"

"Kwa sababu yameisha harufu yako." Aliongea taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyapanga maneno kitambo. "Zamani nikiingia mle katikati kuimba, nilikuwa nakuimbia wewe. Nilikuwa nakushika mkono wa koti. Yakaja yakaanza kunuka kabati. Siku moja nikajikuta naimbia hanga la koti, mume wangu, nimelishika hanga mkono. Nikayafua, nikayapiga pasi, nikampa mwenye kuyavaa."

Fundi aliketi kitandani.

"Masikio yako makali," mkewe akaendelea. "Umesikia makoti hayapo. Na kule ubeti wa pili, umesikia?"

"Nimesikia. Ulikwama."

"Nikafanya nini?"

"Ukaendelea."

"Ningeweza kurudia. Unanijua, narudia hata mara kumi. Safari hii nilisema, acha. Acha asikie, labda ataniuliza, mke wangu, ulikuwa unalia? Basi. Hicho tu." Cherehani ikanyamaza, ikaanza tena. "Ulifanyaje ulipofika pale?"

Angeweza kudanganya. Lakini alikuwa amechoka, na mkewe naye ana masikio.

"Nilirekebisha," akasema.

"Ulirekebisha."

"Nilichukua sauti ya ubeti wa kwanza, nikaweka pale."

"Haya," mkewe akasema. "Na ubeti umetoka vizuri?"

"Vizuri."

"Haya. Salama." Akakata.

Siku zilizobakia Fundi alizimaliza kama mtu anayetembea ndani ya maji. Alipiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Alifungua laptopu, akausikiliza ule ubeti alioushona, ulivyo laini, na sasa alichukia kila silabi. Alikuwa amemfuta machozi mkewe bila hata kumtazama usoni. Halafu akawaza nyimbo zote za nyuma: kikohozi alichokata, pumzi alizozipunguza, mahali ambapo mkewe alitaja jina lake mwishoni kwa utani na yeye akafuta kwa sababu halimo kwenye wimbo. Kila Jumapili alikuwa akimtamani mtu ambaye siku za kazi alikuwa akimpunguza kwa mkasi.

Jumapili ikafika. Watu walikuja kama kawaida yao, wamechana nywele, wamenukia. Dereva alifungua, akaua wimbo wake wa kila wiki. Muuguzi aliposogea kwenye jukwaa, Fundi akamwambia ule wimbo wako umefika. Uso wa yule mama ukafunguka wote.

Fundi hakufungua faili alilolishona. Alifungua lile lililotoka nyumbani, na mwangwi wake.

Muuguzi aliimba ubeti wa kwanza akiwa amefumba macho, Shemeji akiwa chinichini kama anavyompenda. Kwenye ubeti wa pili mkono wa Fundi ukakizungusha kitufe cha utepe mwekundu kulia, safari hii kwa makusudi, na mke wa Fundi akaujaza ukumbi kutoka kwenye chumba kisicho na makoti. Akafika pale. Sauti ikakwama katikati ya neno.

Muuguzi akaacha kuimba. Wasichana wa ghala la nguo wakaacha kunong'ona. Kila mtu alisikia kimya kile kifupi, na lile donge likimezwa, kisha sauti ikiinuka na kuendelea.

"Shemeji analia," Dereva akasema, bila maiki. Hakuna aliyecheka.

Bosi alitokeza kichwa kutoka kwenye kijichumba chake, akamwashiria Fundi kwa mkono: kata, kata hiyo. Fundi aliiona ishara. Aliurudisha wimbo mwanzo wa ubeti wa pili, akashuka kwenye kiti chake kirefu, akamwendea Muuguzi na kunyoosha mkono kuomba maiki. Simu yake akampa.

"Nirekodi," akasema.

"Wewe? Unaimba?"

"Siimbi. Nirekodi hivyo hivyo."

Na hakika hakuimba, kama kuimba ni kile tunachokijua sisi. Alianza chini mno, akapanda akakosa, mlango ukalia na bawaba zake zote. Dereva alishika kichwa. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amepata mtu wa kumshinda. Lakini mkewe alipofika kwenye neno lile na sauti ikamkwama, Fundi alikuwepo. Alilishika neno kutoka mdomoni mwake, akalibeba vibaya, machozi yakimwingia mdomoni, mpaka mkewe alipomeza mate na kurudi, wakaenda wote wawili hadi mwisho wa ubeti. Ukumbi ukawaimbia kiitikio.

Alimtumia mkewe rekodi ile ile, na makelele yake, bila kugusa kitu.

Bosi alikuwa amesimama kando ya mixa, mkataba mkononi. "Hii ni nini?" akauliza. "Watu wanakuja hapa kufurahi."

"Sitasaini, Bosi."

Bosi alimtazama, akaona hataniwi. "Nyimbo zinabaki," akasema. "Ni za ukumbi."

"Nyimbo zibaki. Maneno yabaki, muziki ubaki. Spika ya kushoto naondoka nayo." Akamwona Bosi anaigeukia spika yenyewe, lile sanduku kubwa lililofungwa ukutani, akamwelewesha. "Nina maana mke wangu."

Jibu la mkewe lilichelewa. Jua lilikuwa limehama kutoka dirisha la kwanza hadi la mwisho na watu wameanza kutafuta mikoba yao, wakati simu ilipotetema juu ya mixa. Fundi aliifungua. Mkewe alikuwa ameandika maneno machache tu.

"Sauti yako bado ni mbaya vilevile. Nimempigia mdogo wako, kesho anarudisha makoti."

Fundi aliyasoma, akayasoma tena, akaiweka simu mfukoni na mkono juu yake.

"Fundi!" Dereva aliita kutoka jukwaani, amekwisha kujinyakulia maiki kwa wimbo wa mwisho kabla ya kufunga. "Nipandishie Shemeji, bwana, nisiaibike!"

"Leo imba mwenyewe," Fundi akamwambia. "Shemeji anapanga chumba."

Akakizungusha kitufe chenye utepe mwekundu kushoto hadi mwisho.